Mstari Uliopita kwa Baba

Duka lilikuwa na mlango wa mbao wa mabawa mawili na cherehani mbili. Moja ilikaa karibu na dirisha. Nyingine ilikaa ukutani, na katikati palikuwa na meza ndefu ya kukatia. Wenye duka walikuwa dada wawili, baba mmoja na mama mmoja, lakini wateja hawakuwaita kwa majina yao. Mkubwa walimwita Mkasi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekata. Mdogo walimwita Sindano, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshona, na pia kwa kuwa alikuwa mwembamba na maneno yake yalichoma.

Kila shule zilipokaribia kufunguliwa, duka lilijaa watu. Mkasi alitandika vitambaa vya sare kimoja juu ya kingine, akalaza juu yake karatasi ngumu ya kukatia, akaizungushia chaki. Kisha aliingiza mkasi mkubwa, na nguo nyingi zikakatika kwa mara moja. Mikono ikifanya kazi, mdomo nao haukupumzika. Aliwasema wanaochelewa kuchukua nguo zao. Aliwasema wanaume wanaovuta tumbo ndani wakipimwa kiuno.

"Pumua, kaka," aliwaambia. "Suruali hii utaivaa ukiwa hai."

Mwaka ule shule zilipokaribia kufunguliwa, Mkasi hakuwapo mezani. Alikuwa nyumbani kwa Baba, amelala, kichwani hana hata unywele mmoja.

Alikuwa amegusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto wakati anaoga. Akasema kitaondoka chenyewe. Kisha akasema atakwenda hospitali kazi ikipungua. Kazi ya fundi wa nguo haipungui. Alipokwenda, kile kitu kilikuwa kimekua kama limau, na ilikuwa saratani. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia miaka ya arobaini. Madaktari walimfanyia operesheni, kisha wakaanza kumpa dawa kwa dripu. Dawa zilimchosha hata maji ya kunywa yakamtia kichefuchefu.

Siku ya kwanza kabisa, daktari aliwauliza kama katika familia yao kuna mtu aliyewahi kuugua saratani ya titi. Dada wote wawili walijibu kwa pamoja kwamba hakuna. Hawakukusudia kudanganya. Walijibu kama walivyozoea kuelewa tangu utotoni.

Mama yao alikuwa amekufa zamani kwa ajali ya barabarani. Ndugu zake wa kike walikuwa hai bado, wazee, wenye afya na midomo mirefu. Kwa hiyo upande wa mama ulikuwa safi. Aliyekufa kwa saratani ya titi ni Shangazi, dada yake Baba, tena akiwa bado kijana. Hilo lilijulikana kwa kila mtu. Mkasi mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwogesha. Lakini katika familia ile walisema binti huchukua mwili wa mama yake. Baba yao alikuwa fundi saa, mzee mwenye mizaha. Habari hizo zikitajwa, alijipiga kifua chake bapa na kusema, "Mimi nina matiti? Nitawarithisha nini basi?" Watu walicheka, na Shangazi akawa hahesabiwi.

Sasa Sindano alikata na kushona peke yake. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, alijifungia bafuni akajibonyeza matiti mpaka yakauma. Yakishauma, akaogopa kwa sababu yanauma. Mume wake, fundi umeme, alimgongea mlango akamwuliza kama amehamia humo. Sindano akafungua bomba la maji. Angemwambia nini? Yeye na dada yake walifanana kila kitu, macho, vidole, hata namna ya kupiga chafya. Kila akimtazama Mkasi kitandani, alijiona yeye mwenyewe baada ya miaka michache.

Akaacha kuchoma watu kwa maneno. Wateja waliliona hilo kabla yake.

Mmoja wa wateja hao alikuwa muuguzi wa makamo aliyekaa mtaa wa nyuma. Alifanya kazi katika kliniki ya saratani, mahali wanaposhauriwa watu kuhusu magonjwa ya kurithi. Mara kwa mara alileta sare zake zipanuliwe, na Mkasi alikuwa akimwambia kwamba nguo huwa haijipunguzi yenyewe. Siku hiyo alisimama mezani akamtazama Sindano akishona mkono wa kulia wa blauzi kwenye bega la kushoto.

"Mwanangu," Muuguzi akasema, "hiyo blauzi ni ya nani? Ya mtu anayetembea kinyumenyume?"

Sindano akaitazama blauzi. Akaanza kufumua. Hajafika hata nusu, machozi yakadondoka juu ya kitambaa, na maneno yaliyokaa kooni miezi yote yakatoka. Alieleza habari za Mkasi, za bafuni, za usiku anaolala macho wazi.

Muuguzi akavuta kiti cha Mkasi, akasita, akavuta kingine. Akauliza swali lile lile la daktari. Sindano akajibu vile vile kwamba hakuna.

"Upande wa mama hakuna," Muuguzi akasema. "Na upande wa baba?"

"Kuna Shangazi. Lakini huyo ni wa upande wa Baba."

"Kwani Baba si familia?"

Sindano akaacha kufumua.

Muuguzi akaomba chaki. Akachora juu ya meza ya kukatia, pale pale penye vumbi la nyuzi. Alichora mviringo kwa kila mwanamke na mraba kwa kila mwanamume. Akaweka mraba wa Baba katikati. Pembeni yake akaweka mviringo wa Shangazi, akaujaza chaki. Chini ya mraba wa Baba akaweka mviringo wa Mkasi, akaujaza pia. Mviringo wa Sindano akauacha mtupu. Kisha akapitisha mstari kutoka kwa Shangazi kwenda juu kwa Bibi, mama yake Shangazi na Baba, na kutoka kwa Bibi kushuka kwa Baba, na kutoka kwa Baba kushuka kwa binti zake. Mstari ulipita kwenye mraba wa Baba bila kikwazo.

"Bibi yako, mama yake Baba, alikufa kwa nini?"

Sindano hakujua.

"Utamwuliza," Muuguzi akasema. "Sasa niambie. Sare nyingi hivi mnazikataje?"

"Kwa karatasi moja."

"Na karatasi ikiwa na kosa shingoni?"

"Kosa linaingia kwenye nguo zote."

Muuguzi akatikisa kichwa kukubali. Akamweleza kwamba mwili nao una maagizo yake, madogo mno, hayaonekani kwa macho, nayo yamo katika kila sehemu ya mwili. Maagizo hayo huitwa vinasaba, au jeni. Kila agizo mtu analo mara mbili, moja amepewa na mama, jingine amepewa na baba. Zipo jeni ambazo kazi yake ni kusahihisha. Chembe ya mwili ikiharibika, zinaitengeneza kabla haijawa saratani. Mbili kati ya hizo zinajulikana sana, zinaitwa BRCA1 na BRCA2. Kila mtu anazo, awe mwanamke au mwanamume. Akizaliwa na moja yenye kosa, ulinzi wake unapungua.

"Baba hakupi titi," Muuguzi akasema. "Anakupa maagizo. Naye alipewa na mama yake. Na akiwa na karatasi mbili, moja nzima na moja yenye kosa, kila mtoto anaweza kupata yoyote kati ya hizo. Ni kama kurusha sarafu. Kwa kila mtoto inarushwa upya."

"Kwa hiyo ninayo."

"Sijasema hivyo. Hata dada yako hatujui kama anayo."

Akamtuliza. Alisema wanawake wengi wanaougua saratani ya titi hawakuirithi. Katika kila wagonjwa kumi, labda ni mmoja. Ndiyo sababu madaktari hawatii saratani zote za titi kapu moja. Huchunguza uvimbe wenyewe, na wakiona dalili za urithi hupima vinasaba pia, ili wajue hii ni ya kundi gani, dawa ipi itafaa, na nani mwingine aangaliwe mapema. Dalili moja ni mtu kuugua akiwa bado na umri mdogo. Nyingine ni ndugu wawili wa damu kuugua katika upande mmoja. Familia ya Sindano ilikuwa nazo zote mbili.

Sindano akakunja mkono wa gauni lake pale pale. "Basi nipime. Leo hii."

"Mteja akikurudishia sare kwa sababu imekaa vibaya, unaanza kuangalia ipi? Aliyoirudisha au zilizo rafuni?"

"Aliyoirudisha."

"Kwa nini?"

"Nijue kosa liko wapi. Nikishajua, nakwenda kuangalia nyingine mahali pale pale."

"Basi ndivyo. Tukikupima wewe kwanza tusione kitu, hatutajua kama umesalimika au kama kosa la familia yenu limejificha tusipopajua. Aanze dada yako. Kosa likionekana kwake, wewe tutakuangalia hapo hapo, na jibu lako litakuwa la kuaminika."

Wakati huo mlango ukasukumwa. Mkasi aliingia polepole, ameshikwa mkono na binti yake aliyekuwa akisoma chuo. Siku hiyo alikuwa amepata nafuu kidogo, akataka kunusa harufu ya vitambaa. Akafika mezani. Akaitazama michoro ya chaki, akaelewa upesi kuliko walivyotaka. Alikuwa amesoma michoro ya chaki maisha yake yote.

"Mmemweka Baba katikati kama mshitakiwa," akasema.

Muuguzi akajaribu kumweleza. Alisema hakuna anayeshitakiwa, kwamba kosa la jeni si dhambi ya mtu. Mkasi alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akachukua kitambaa, akakilowesha, akafuta meza yote.

"Mzee yule alimzika mama yake," akasema. "Akamzika dada yake. Sasa ananishikia beseni mimi nitapike. Mnataka akaambiwe yeye ndiye aliyeleta? Damu yangu hamtoi."

"Na mimi, Dada?" Sindano akauliza.

Mkasi hakumtazama. Alimwambia binti yake amrudishe nyumbani.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Sindano alipeleka chakula nyumbani kwa Baba akakiweka, akaondoka. Alimwonea dada yake huruma, na papo hapo alimkasirikia, na kumkasirikia mgonjwa kulimtia aibu. Alifika hata kumwuliza Muuguzi kama hospitali haina damu ya Mkasi iliyobaki kwenye vipimo vya zamani. Muuguzi alimjibu kwa upole lakini bila kumung'unya maneno. Kipimo hiki hakifanywi kwa siri wala kwa kulazimisha. Damu ni ya mwenyewe, na jibu ni la mwenyewe.

Likabaki swali la Bibi. Asubuhi moja Sindano alimkuta Baba barazani, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, saa imefunguliwa mbele yake. Akamwuliza, kana kwamba anauliza bei ya sabuni, mama yake alikufa kwa nini.

Baba hakuinua kichwa. Alisema mama yake alikuwa akijifunga kitambaa kifuani, hata wakati wa joto. Wao watoto walisikia harufu. Hakuna aliyethubutu kumwuliza, maana mama haulizwi habari za mwili wake. Alikufa na kitambaa chake.

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu, Baba."

"Hakuna mtu anayeuliza tu habari za marehemu asubuhi na mapema."

Sindano hakujua kusema uongo mbele yake. Akamweleza yote, ya jeni, ya karatasi, ya mstari. Alipomaliza, Baba alifunika ile saa na bakuli ndogo vumbi lisiingie, akatoa kioo jichoni, akaingia ndani. Siku ile hakufanya kazi tena. Siku ya pili pia hakufanya. Hakufanya mzaha wowote. Mkasi alimwuliza anaumwa nini, akasema miguu. Sindano alirudi dukani akiwa na hakika kwamba amewapoteza wote wawili kwa mdomo wake.

Hakujua kwamba Baba alikuwa amevaa koti lake na kwenda kliniki kwa miguu yake ile ile. Muuguzi alisimulia baadaye kwamba mzee aliuliza swali moja tu, akaliuliza kwa kila namna: kama angeweza kuzuia. Kama asingeoa. Kama angekula vingine. Kama angejua. Kila mara Muuguzi alimjibu kwamba kabla mtu hajapimwa hawezi kujua, na kwamba anachoweza kukifanya ni cha kuanzia leo.

Jioni hiyo Baba alimwita Sindano nyumbani. Akakaa kwenye kiti kando ya kitanda cha Mkasi. Binti wa Mkasi alikuwa anakunja nguo pembeni, Baba akamwambia asitoke.

"Nilikupa pua hii," Baba alimwambia Mkasi. "Uliipenda?"

"Hapana."

"Nikakupa ubishi."

"Huo nilipewa na Mama."

Baba akacheka kidogo, kicheko cha kwanza baada ya siku hizo. Kisha akasema, "Sikukuchagulia. Na mimi sikuchaguliwa. Mama yangu alificha, tukanyamaza kwa heshima. Dada yangu akaugua, tukanyamaza kwa huzuni. Mimi nikaongeza mzaha. Unanilinda, naona. Usinilinde. Nikinyamaziwa tena, nitamzika mtu mwingine kwa sababu ya aibu yangu."

"Mwingine zaidi yangu, unamaanisha."

Baba akavuta shuka, akamfunika miguu. Mkasi alimtazama, akamtazama mdogo wake aliyesimama mlangoni, akamtazama binti yake na nguo mkononi. Akashusha pumzi ndefu.

"Haya," akasema. "Waambie walete sindano yao." Akamnyooshea mdogo wake kidole. "Si wewe. Wewe unachoma zaidi."

Walicheka wote wanne, na wote wanne walikuwa wanalia.

Damu ikatolewa mkononi, kidogo tu, kama kwa kipimo chochote. Kipimo chenyewe hakikupatikana pale; damu ilipelekwa kwenye maabara kubwa, mbali. Walikuwa wameonywa kwamba jibu huchelewa, na kwamba mara nyingine huja halisemi ndiyo wala hapana, kwa sababu wataalamu hawajaijua bado kila tofauti ya vinasaba. Sindano aliruka kila simu ilipolia. Alishona sare za shule nzima bila kukumbuka hata moja.

Jibu lilisema wazi. Mkasi alikuwa na kosa kwenye jeni ya BRCA2. Daktari akamwongezea dawa ya vidonge inayofanya kazi vizuri kwa saratani za kundi hilo, dawa ambayo wasingeifikiria bila kipimo. Kwa muda ilimsaidia. Nywele zikaota, laini kama za mtoto. Alirudi dukani, akakaa mezani mchana, akakata kola.

Kisha ikafika zamu ya Sindano. Kwake walitafuta lile kosa moja tu, mahali pale pale. Siku ya kuchukua jibu Mkasi alikataa kubaki nyumbani. Walikaa kwenye benchi la kliniki, magoti yamegusana. Sindano alihesabu vigae vya sakafu, akakosea, akaanza tena. Mlango wa chumba cha ushauri ulikuwa wa kijani. Ukafunguliwa.

Muuguzi hakuzungusha maneno. Alisema, "Unayo."

Sindano alisikia masikio yanavuma. Aliona mdomo wa Muuguzi unakwenda, lakini sauti haikumfikia. Kilichomfikia ni mkono wa dada yake, mkubwa, wenye sugu ya mkasi kwenye kidole gumba, uliomshika shingoni kwa nyuma kama alivyokuwa akimshika walipovuka barabara wakiwa watoto.

"Sikia," Mkasi akamwambia. "Mimi nilijua kikiwa limau. Wewe umejua hakuna kitu. Usilie kama umepata nilichopata mimi."

Muuguzi akarudia taratibu. Kuwa na kosa hilo si kuwa na saratani. Ni kuwa kwenye hatari kubwa kuliko wengine; zaidi ya nusu ya wanawake wenye kosa hilo huugua saratani ya titi wakati fulani maishani, na hatari ya saratani ya ovari nayo ni kubwa kuliko kawaida. Kwa hiyo zipo njia. Anaweza kuangaliwa matiti kila mwaka kwa mashine mbili, ya eksirei na ya sumaku, ambazo huona kitu kabla mkono haujakigusa. Anaweza kuchagua operesheni kabla ya ugonjwa. Na akishamaliza kuzaa atazungumza na daktari kuhusu kuondoa ovari. Hakuna njia aliyolazimishwa. Sindano alichagua kuangaliwa kwanza.

Baba naye alipimwa, akakutwa nayo. Aliambiwa awe anapimwa tezi dume, na akihisi uvimbe wowote kifuani aseme, maana mwanamume pia huweza kupata saratani ya titi. Hilo lilimshangaza kuliko yote. Alirudi nyumbani akijipapasa kifua chake kwa mashaka makubwa. Binti wa Mkasi aliambiwa kwamba yeye ni mtu mzima na uamuzi ni wake. Alisema atapima akimaliza chuo, na hakuna aliyemsukuma. Muuguzi akawakumbusha pia watoto wa Shangazi, waliokaa mji mwingine. Nao walistahili kujua. Baba alisema, "Hao niachieni mimi." Kila Sindano alipomwuliza, alisema bado.

Mkasi alikaa mezani msimu mmoja wa sare. Kisha maumivu yakaingia mgongoni, na daktari akasema saratani imefika kwenye mifupa. Wiki zake za mwisho aliwasema wote waliomtembelea, kila mtu kwa kosa lake. Alikufa mchana, dirisha likiwa wazi, mdogo wake akiwa amemshika mkono wenye sugu.

Baada ya mazishi Sindano hakuweza kuutazama mlango wa kijani. Tarehe yake ya kuangaliwa ilifika, akasema atakwenda kazi ikipungua. Alipojisikia anasema maneno hayo, aliweka kitambaa chini. Kisha akafunga duka wateja wakimtazama, akaenda.

Mashine ya sumaku ilikuwa na kelele kama watu wanagonga mabati. Alilala kifudifudi, macho amefumba, akaambiwa asitikisike. Siku mbili baadaye simu ikalia. Kuna kitu kimeonekana, upande wa kulia. Arudi.

Alirudi. Walimchoma sindano nyembamba wakatoa kipande kidogo wakakipima. Alingoja jibu akiwa na mume wake, ambaye hakufanya mzaha wowote wa bafuni. Ilikuwa saratani. Mkono usingeigusa, si siku hiyo wala mwaka huo.

Safari hii Sindano hakutaka kungoja. Walizungumza na daktari kwa kirefu, akaamua matiti yote mawili yaondolewe. Asubuhi ya operesheni aliogopa hata meno yakagongana. Aliogopa dawa ya usingizi, aliogopa kuamka, aliogopa kioo cha bafuni. Aliomba mtu aendelee kumshika mkono mpaka alale, na nesi mmoja kijana akamshika.

Alipoamka, kifua kilikuwa kimefungwa bandeji, na Baba alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, kofia juu ya goti. Daktari alikuwa ameshapita. Uvimbe ulikuwa umetoka wote, na tezi za kwapani zilikuwa safi. Kilichobaki ni dawa na kuangaliwa.

Baba alimwuliza ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Sindano akanyanyua mkono kwa shida. Akamwonyesha ncha ya ukucha wa kidole cha mwisho.

Baba akainama karibu, akaukodolea ukucha ule macho yake ya kazi, yaliyozoea vitu vidogo. Alitazama muda mrefu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Hakuwa amelia makaburini, wala nyumbani baada ya watu kuondoka. Sasa alilia bila kujificha, kofia ikaanguka sakafuni, na Sindano akamwacha alie.

Alipomaliza, alijifuta kwa kiganja. Akaomba simu. Alitafuta namba mwenyewe, akiisogeza simu mbali na macho, akaipiga. Mtu wa upande wa pili alipopokea, Baba alikaa wima.

"Mwanangu," akasema, "ni mimi, mjomba wako. Uko peke yako? Waite na wenzio. Nataka kuwaeleza habari za mama yenu, na za kwangu."